Jinsi ya kuipanga upya kliniki ya presha na kisukari kwa kufuata njia ya mgonjwa

Hatua ya 1: Pima foleni. Mpe kila mgonjwa karatasi ndogo tangu getini. Kila kituo (mapokezi, vipimo, daktari, maabara, dirisha la dawa) kiandike saa aliyofika na saa aliyoanza kuhudumiwa. Fanya hivyo siku mbili za kliniki, na moja iwe siku yenye wagonjwa wengi. Saa ya kuondoka peke yake haitoshi, maana haionyeshi alikwama wapi.

Hatua ya 2: Uliza kwa nini wanafika alfajiri. Wengine wanahofia faili lao kuwa chini ya rundo. Hao watasaidiwa na miadi ya saa maalumu. Wengine gari la kijijini ni moja tu kwa siku. Ukiwapa hao miadi ya saa 6 mchana, watakuja alfajiri vilevile na kukaa zaidi. Uliza usafiri kwanza, ndipo ugawe saa.

Hatua ya 3: Panga vipimo upya. Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu foleni yenyewe huharibu majibu.

Anza na sukari. Anayepimwa kabla ya kula amekaa saa 8 au zaidi bila chakula. Akiwa amechoma insulini au amemeza glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari) asubuhi, akasubiri hadi mchana, sukari inaweza kushuka akaanguka kwenye benchi. Anayetetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa apite mbele ya wote. Sukari yake ikiwa chini ya 3.9 mmol/L na anaweza kumeza, mpe gramu 15 za sukari kwenye maji (kama vijiko 3 hadi 4 vya chai), kisha mpime tena baada ya dakika 15.

Presha ifuate, lakini si kwa mtu aliyetoka kusimama. Weka viti vyenye egemeo kabla ya meza ya kipimo: dakika 5 za kukaa kimya, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Choo kiwe karibu, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kuwe na mikanda ya saizi tofauti; mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ilivyo, na mtu anaongezewa dawa asizohitaji. Chai na kahawa zije baada ya presha. Zikitangulia, subirini dakika 30.

Hatua ya 4: Andika saa kama inavyosemwa. “9:00” kwenye kadi, wengi wataisoma saa tisa alasiri. Andika “saa 3 asubuhi”.

Hatua ya 5: Dirisha la dawa. “1x2” (kidonge kimoja mara mbili kwa siku) kwenye bahasha haimwambii mtu ameze lini. Chora jua na mwezi, weka alama chini yake. Halafu usiulize “Umeelewa, bibi?” Atajibu ndiyo kwa heshima tu. Uliza: “Bibi, ukifika nyumbani utazimezaje?” Akikosea, yarekebishe maelezo yako, kisha umuulize tena.

Hatua ya 6: Badili kitu kimoja kwa mara moja. Hamisha viti, kisha rudia karatasi za hatua ya 1 wiki inayofuata. Mkibadili vyote pamoja, hamtajua kipi kilisaidia. Hesabuni pia waliokosa miadi, na mpigieni kila mmoja aliyeridhia kupigiwa. Simu ikipokelewa na mtu mwingine, msitaje ugonjwa.