Kurudi barabarani baada ya malaria au taifodi bila kuielemea familia

Somo hili linawahusu wanachama wa klabu yetu ya mbio hapa Dodoma waliougua malaria au taifodi, wakamaliza dozi, na sasa wanataka kurudi kwenye mbio huku nyumbani kukiwa na watoto wa kuandaliwa shule, mwenzi aliyechoka kuuguza, na kazi zilizolala kwa muda wote wa ugonjwa. Wengi huyachukulia haya kama mambo mawili. Kwa maoni yangu ni jambo moja, kwa kuwa nguvu zinazotafutwa na mbio ndizo hizo hizo zinazodaiwa na nyumba.

Kwanza ieleweke kwa nini haraka haifai. Dawa ya mseto humezwa kwa siku tatu, na homa huweza kushuka kabla vidonge havijaisha, lakini vimelea vya malaria huwa vimekwisha kupasua chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo zinazobeba oksijeni, na mwili huhitaji wiki kadhaa kuzirudisha. Dodoma nayo iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo aliyeuguzwa kwa ndugu zake Dar es Salaam asishangae kuhema zaidi siku za mwanzo baada ya kurudi. Malaria pia huweza kuvimbisha bandama, iliyo chini ya mbavu za kushoto, na bandama iliyovimba huweza kupasuka mtu akianguka au akigongwa. Mwenye maumivu upande huo asikimbie wala kucheza mpira hadi daktari amruhusu.

Hatua ya kwanza: rudi kwenye zamu yako ya nyumbani

Kabla ya kufunga kamba za viatu, fagia uwanja, teka maji, osha vyombo, mbebe mtoto. Mwili usioweza kutoa ndoo ya lita 20 kwenye simtanki hadi jikoni bila kukaa chini kupumzika haujawa tayari kwa mbio. Ukizifanya kazi hizo wiki nzima bila kuamka na uchovu wa jana, umevuka kipimo cha kwanza, na mwenzi wako atakuwa amejionea mwenyewe kwamba umepata nafuu. Lalamiko ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa familia za wakimbiaji ni hili: mtu hawezi kuosha sufuria kwa kuwa bado anaumwa, lakini saa kumi na mbili asubuhi yuko barabara ya Iringa na jezi yake.

Hatua ya pili: hesabu mapigo ya moyo

Kila asubuhi, kabla hujashuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja nzima. Yakizidi kawaida yako kwa 10 au zaidi, siku hiyo ni ya kupumzika. Mtoto wa darasa la nne anaweza kushika saa na kuandika hesabu daftarini, na hutakuta karani mkali kuliko yeye.

Hatua ya tatu: tembea, kisha changanya

Wiki ya kwanza tembea dakika 20 hadi 30 jioni, jua likishapungua makali, mkiwa na watoto ikiwezekana. Mwendo wao ndio unaokufaa kwa sasa. Wiki ya pili kimbia dakika moja na tembea mbili, kwa jumla ya dakika 20, siku tatu zisizofuatana. Baada ya hapo ongeza dakika za kukimbia kidogo kidogo, ilimradi unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda mbio bila mpangilio, simama na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya nne: kaeni kikao cha ratiba

Siku zako tatu zijulikane, na mwenzi wako naye apate saa zake ambazo wewe ndiye unayebaki na watoto. Juni na Julai asubuhi zetu zina baridi na upepo, na giza huchelewa kuondoka, kwa hiyo miezi hiyo jioni ni salama zaidi kuliko kupishana na bodaboda gizani.

Kuhusu chakula, maharage, dagaa, maini na mlenda vinatosha. Juisi ya ubuyu ina vitamini C, inayosaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai huyazuia, basi isinywewe pamoja na mlo.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilitibiwa taifodi kwa siprofloksasini, na sasa nyuma ya kisigino panauma nikipanda ngazi. Niendelee taratibu?

Jibu: Marahaba. Usiendelee. Dawa za kundi hilo zinajulikana kudhuru kano, hasa ya kisigino, na madhara huweza kujitokeza hata miezi kadhaa baada ya kumaliza dozi. Kano iliyodhurika huweza kukatika. Rudi kwa daktari na umtajie jina la dawa uliyotumia.

Swali: Mwalimu, nina mtoto wa miezi minane anayenyonya. Mume wangu anasema nisikimbie kabisa hadi nipone. Nimweleze nini?

Jibu: Dada yangu, mumeo ana hoja, ila kupona kunapimika. Nendeni pamoja zahanati mkapime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na hapo msikilize mumeo. Kipimo kikiwa juu ya hapo na hatua ya kwanza umeivuka bila shida, mwonyeshe cheti. Mazoezi ya wastani hayakaushi maziwa. Mnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka na unywe maji ya kutosha.

Swali: Nimeshalipia mbio za kilomita 21 za mwezi ujao, na ndiyo kwanza namaliza dozi. Nifanyeje?

Jibu: Ada haitarudi hata ukikimbia. Waombe waandaaji wakuhamishie kwenye kilomita 5, uzitembee na wanao. Usimpe mtu mwingine namba yako bila kuwaarifu, kwa sababu akianguka njiani, wahudumu watasoma jina lako na watampigia simu mkeo.