Jaribio la pembetatu kwa simu na Google Sheets: tunavyoonja siagi ya karanga

Kwa muda mrefu kipimo cha ubora katika karakana yetu kilikuwa kijiko cha mama mwenye karakana. Anachovya kwenye ndoo, ananyamaza kidogo, anasema, "Hii ndiyo yenyewe." Nasi tunaitikia, "Ndiyo, mama." Ulimi wake ni mzuri, sibishi. Ila karanga zile kazinunua yeye, na mishahara yetu inatoka kwake. Nani angethubutu kusema mafuta yameanza kuchacha?

Nilipoanza kutumia kompyuta kwenye kuonja nilidhani itanisaidia hesabu. Kumbe hesabu yenyewe ni mstari mmoja. Kazi kubwa ya kompyuta ni kuficha: mwonjaji asijue anaonja nini, na anayegawa vikombe naye asijue. Mwongozo huu ni wa jaribio la pembetatu, yaani la vikombe vitatu kimoja kikiwa tofauti, lile lenye kiwango chake cha kimataifa, ISO 4120. Unahitaji kompyuta moja, akaunti ya Google, simu za waonjaji, bando kidogo na msaidizi mmoja. Mimi natumia siagi ya karanga, lakini mtindi, achari, asali au unga wa lishe unaonjwa kwa njia hiihii.

Kwanza, sumukuvu

Ulimi hauijui sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Haina ladha wala harufu ya kukuonya. Wengi tunakumbuka mwaka 2016 watu walipopoteza maisha Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Karanga nazo zimo hatarini, kwa hiyo mzigo mpya upimwe maabara kabla haujaingia kinywani mwa mtu yeyote. Pia waulize waonjaji mmoja mmoja kama wana mzio wa karanga. Usiulize kwa jumla mbele ya watu. Mtu anaona aibu, ananyamaza.

Hatua ya 1: Swali liwe moja

Swali letu lilikuwa hili: siagi ya karanga za muuzaji mpya, je, ina tofauti na ile tunayouza sasa? Basi. Ipi tamu zaidi ni swali la wateja, na lina jaribio lake.

Kila mwonjaji anapewa vikombe vitatu. Viwili vina kitu kilekile, kimoja ni tofauti, naye anatafuta hicho kimoja. Hata asiyehisi lolote akibahatisha tu, ana nafasi moja kati ya tatu ya kupatia. Hiyo theluthi ndiyo tutakayoipima mwishoni.

Hatua ya 2: Waonjaji

Tunatumia 18. Mpangilio wa vikombe uko wa aina sita, na 18 inagawanyika kwa sita bila baki. Wafanyakazi wetu hawafiki idadi hiyo, kwa hiyo tunawaomba majirani: mafundi cherehani wa pembeni na vijana wa kijiwe cha bodaboda. Masharti ni machache: saa moja kabla, bila sigara, kahawa wala pilipili, na siku hiyo bila manukato. Saa nne asubuhi ni muda mzuri, kabla njaa haijawashika watu.

Hatua ya 3: Jedwali la mpango

Hapa ndipo pa kutulia. Fungua Google Sheets, karatasi uiite Mpango. Mstari wa kwanza uachie vichwa. Kuanzia mstari wa 2, safu A iwe na namba za waonjaji, 1 hadi 18. Iite siagi ya sasa A na mpya B, halafu kwenye safu B andika mipangilio sita: AAB, ABA, BAA, BBA, BAB, ABB. Irudie mara tatu ili ijaze safu. Ili isifuatane, nenda kwenye safu ya mbali, tuseme J, weka =RAND() kwenye kila mstari, kisha chagua safu B hadi J, A usiiguse, na uzipange kwa kufuata namba za J. Ukimaliza, futa safu J.

Kwa nini tunahangaika na mipangilio? Kwa sababu watu wana tabia zao. Asiyekuwa na uhakika hupenda kuchagua kikombe cha katikati. Ukiweka kilicho tofauti katikati kwa kila mtu, utapata ushindi wa uongo.

Safu C, D na E ni za namba za siri za vikombe, za tarakimu tatu. Andika =RANDBETWEEN(100,999) na uishushe hadi mstari wa mwisho. Usitumie 1, 2, 3 wala A, B, C: "A" na "1" zina harufu ya ushindi hata kabla ya kijiko kufika mdomoni.

Sasa sikiliza vizuri. RANDBETWEEN haitulii. Ukibadilisha seli yoyote, namba zote zinabadilika. Mara ya kwanza nilichapa lebo, nikabandika vikombe 54, nikarudi kwenye kompyuta kurekebisha kosa dogo la tahajia. Jedwali zima likageuka, na vikombe vyangu vikabaki yatima. Tulimwaga vyote. Kwa hiyo, kabla ya kuchapa chochote, nakili safu hizo tatu na uzibandike palepale kwa Ctrl+Shift+V, zibaki namba tupu bila fomula. Halafu pitisha macho: watu wawili kuwa na namba moja si neno, ila mtu mmoja akiwa na vikombe viwili vya namba moja, jibu lake halifai.

Safu F itaje kikombe kilicho tofauti:

=IF(OR(B2="AAB",B2="BBA"),E2,IF(OR(B2="ABA",B2="BAB"),D2,C2))

Kama jedwali lako linakataa mkato ndani ya fomula, weka nukta mkato. Inategemea nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio ya faili. Faili hili usimshirikishe mtu. Mama akiomba, mwambie atapewa jioni.

Hatua ya 4: Vikombe

Vikombe vya aina moja, kijiko kimoja cha chai kwa kila kimoja, na joto lilelile. Ndoo moja ikikaa juani na nyingine kivulini, watu watapatia kwa ulaini na wewe utadhani ni ladha. Karanga zetu mpya zilikaangika zikawa na weusi kidogo, macho yangemaliza kazi kabla ya ulimi, kwa hiyo tulifunga balbu nyekundu na kuziba dirisha kwa kanga. Ajazaye vikombe asiwe yule atakayevigawa. Siagi ya karanga hung'ang'ania mdomoni: weka maji ya uvuguvugu na kipande cha mkate usio na chumvi nyingi.

Hatua ya 5: Fomu

Kwenye Google Forms weka maswali manne tu. Namba yako ya mwonjaji. Namba ya kikombe kilicho tofauti, ambapo fomu ikubali namba kati ya 100 na 999 pekee. Umebahatisha au una uhakika? Tofauti umeihisi wapi: harufu, ladha, ulaini? Majina hayana kazi hapa. Swali la pili liwe la lazima, maana kwenye jaribio hili hakuna kusema "sijui". Asiyejua anabahatisha, na hesabu imeshamweka kwenye mahesabu.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kila mtu anaonja kutoka kushoto kwenda kulia, anajaza, anaondoka. Marufuku kuguna na kukunja uso. Marufuku pia kundi la WhatsApp hadi wa mwisho amalize, kuna siku mmoja aliandika "mi nimepata ya harufu ya moshi, nyie je?" na waliofuata wote wakaanza kutafuta moshi. Mwisho, funga fomu isipokee majibu tena.

Hatua ya 7: Hesabu

Unganisha fomu na faili lilelile. Kwenye karatasi ya majibu, safu A ni muda, B ni namba ya mwonjaji, C ni kikombe alichochagua. Majibu yote yakishaingia, nenda safu ya pembeni iliyo wazi, kwetu ni G:

=IF(C2=VLOOKUP(B2,Mpango!A:F,6,FALSE),1,0)

Ishushe, jumlisha, halafu:

=1-BINOM.DIST(SUM(G2:G19)-1,18,1/3,TRUE)

Inakuambia: kama wote wangebahatisha tu, kuna uwezekano gani wa kupatia wengi hivi au zaidi. Ikishuka chini ya 0.05 tunasema tofauti ipo. Kwa waonjaji 18 hiyo ni kuanzia 10 waliopatia. Kwa 12 ni 8, kwa 24 ni 13, kwa 30 ni 15. Sisi walipatia 12, fomula ikatoa 0.004. Wengi wa waliopatia walitaja harufu. Tulipofungua magunia upya tukakuta karanga za msimu uliopita zimechanganywa na mpya.

Angalizo moja: wangepatia 9, fomula ingetoa 0.108, na mtu angekimbilia kutangaza "ni sawa". Haruhusiwi. Hapo umeshindwa kuiona tofauti kwa watu 18. Kuthibitisha usawa kunataka waonjaji wengi zaidi.

Hatua ya 8: Kila siku

Jaribio la pembetatu ni la mabadiliko makubwa, huwezi kulifanya kwa kila bechi. Kwa kila bechi tuna waonjaji watatu wazoefu na sampuli rejea, yaani chupa ya bechi tuliyoikubali, iliyofungwa vizuri kwenye friji na kutolewa mapema ili ubaridi uishe. Wanaonja rejea kwanza, kisha vikombe viwili vya namba za siri, na kila kimoja wanakipa alama 0 hadi 10: kimeachana na rejea kiasi gani? Kimoja ni bechi ya leo. Kingine ni rejea yenyewe, imefichwa. Watu hawatoi 0 hata kwa kitu kilekile. Rejea iliyofichwa ikipata 2 na bechi ikapata 3, tofauti halisi ni 1. Hiyo ndiyo tunayoichora kwenye grafu ya mstari. Kikomo chetu ni 3. Ikivuka, bechi haitoki.

Pasipo na mtandao, LibreOffice Calc inakubali fomula hizihizi, ila badala ya Mpango!A:F andika Mpango.A:F, na majibu yakaandikwa kwenye karatasi. Wenye waonjaji wa kudumu wajaribu PanelCheck, programu ya bure kutoka Norway inayoonyesha nani anaachana na wenzake, na wanaojua R, lugha ya kompyuta ya takwimu, watafute kifurushi chake kiitwacho sensR.

Mama siku hizi ni mwonjaji namba 7. Wiki iliyopita alichagua kikombe kisicho sahihi, akacheka, akaomba arudie. Fomu ilikuwa imeshafungwa.