Namna ya kusoma kifungashio cha chokoleti ya maziwa: mfano wa Cadbury Dairy Milk

Kabla ya kuifungua baa ya chokoleti, igeuze. Upande wa mbele ni wa watu wa mauzo, na upande wa nyuma umeandikwa kwa sababu sheria inalazimisha. Chapa kongwe imebana historia yake kwenye pande zote mbili, na anayeijua historia hiyo hutambua haraka lipi ni sifa na lipi ni kipimo. Mfano wetu ni Cadbury Dairy Milk ya Uingereza, kwa sababu karibu kila mbinu ya kuuza chokoleti ya maziwa imewahi kupitia kwake. Andaa kikokotoo na mizani ya jikoni inayopima gramu.

Anza na mwaka. Kila unapouona, uliza ni mwaka wa nini: kampuni, kiwanda au bidhaa. John Cadbury alifungua duka lake Birmingham mwaka 1824, akauza chai, kahawa na chokoleti ya kunywa. Kiwanda cha Bournville kilianza kazi 1879. Dairy Milk yenyewe ilitoka 1905. Anayechanganya tarehe hizi tatu ataamini kwamba baa anayokula ina umri wa lile duka, kumbe zipo karne mbili kwa upande mmoja na moja na ushei kwa upande wa pili.

Pengo hilo lina sababu. Chokoleti ya maziwa ya kula ilianzia Vevey, Uswisi, ambako Daniel Peter alifanikiwa kuitengeneza mwaka 1875. Kikwazo kilikuwa maji. Maziwa ni maji kwa takribani asilimia 87, ilhali punje ya kakao ni mafuta kwa karibu nusu ya uzito wake. Ukivikutanisha hivyohivyo, mchanganyiko unaganda vibaya na baadaye unaota ukungu. Lazima maji yaondolewe kwanza, na Peter alifika huko kwa kutumia maziwa mazito yaliyopunguzwa maji. Cadbury walijaribu yao 1897 kwa unga wa maziwa, ikawa kavu na yenye kukwaruza ulimi, haikufua dafu mbele ya ile ya Uswisi. Ya 1905 ilishinda kwa kuongezewa maziwa mengi, na kufikia 1914 ndiyo iliyokuwa ikiuzwa kuliko bidhaa zote za kampuni.

Hatua inayofuata ndiyo yenye faida kubwa: pima kaulimbiu kwa hesabu. Tangu 1928 Dairy Milk imetangazwa kwa glasi moja na nusu ya maziwa katika kila nusu ratili ya chokoleti. Kwa vipimo vya sasa ni mililita 426 za maziwa kwa gramu 227 za chokoleti. Mililita 426 zina uzito wa takribani gramu 439. Maji yakitoka, hubaki sehemu kavu ya maziwa, kama asilimia 12.5, yaani gramu 55. Gawanya 55 kwa 227, unapata asilimia 24. Sasa angalia nyuma ya karatasi: Uingereza, baa hii huandikwa kwamba sehemu kavu ya maziwa si chini ya asilimia 20. Kaulimbiu inasimama.

Wengi hupotoka pale wanapodhani glasi moja na nusu imo ndani ya kila baa. Baa ya gramu 45 ina maziwa ya mililita 84 hivi, pungufu ya theluthi moja ya glasi iliyotumika kwenye hesabu hiyo, ambayo ni ya mililita 284. Ahadi imefungwa kwenye nusu ratili, na mkononi umeshika moja ya tano ya nusu ratili. Kila ukikutana na ahadi ya aina hii, tafuta kwanza uzito ilioahidiwa.

Kuna mtego mwingine jirani na huo. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kizito zaidi, na kwenye Dairy Milk ya Uingereza utakuta maziwa yametangulia sukari. Hapo maziwa yamehesabiwa yakiwa bado majimaji kama yalivyoingia kiwandani. Nenda kwenye jedwali la lishe: sukari ni takribani gramu 56 kwa kila gramu 100. Katika hizo, gramu 9 hivi ni sukari ya maziwa yenyewe, zilizobaki zimeongezwa. Jedwali ndilo la kuamini kuliko mpangilio wa viambato.

Sasa soma asilimia na jina pamoja, kwa kuwa maneno "chokoleti ya maziwa" hayana maana moja duniani. Umoja wa Ulaya hudai angalau asilimia 25 ya sehemu kavu ya kakao na 14 ya maziwa. Uingereza na Ireland ziliruhusiwa kutumia jina hilohilo kwa 20 na 20. Marekani hudai asilimia 10 tu ya kakao iliyosagwa na 12 ya maziwa, lakini haikubali mafuta mengine ya mimea yachukue nafasi ya siagi ya kakao, yaani mafuta ya punje ya kakao yenyewe. Ulaya huyakubali, mwisho asilimia 5 ya bidhaa, na ni ya aina sita tu, yakiwemo ya mawese na ya shea. Ulaya iligombania jambo hili kwa takribani miaka 30 kabla ya kukubaliana. Ukiona pia E476, ni kiambato kinachofanya chokoleti iliyoyeyuka itiririke kwa urahisi, hivyo kiwanda hutumia siagi ya kakao kidogo zaidi.

Kwa hiyo chapa moja haimaanishi mapishi mamoja. Nchini Marekani, baa zenye jina la Cadbury hutengenezwa na kampuni ya huko, Hershey, kwa leseni iliyoanza 1988, nayo Cadbury yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya vyakula ya Kraft mwaka 2010, kisha ikawa chini ya kampuni ya Mondelez. Tazama palipoandikwa mahali ilipotengenezwa, ndipo ulinganishe.

Uzito usiuache. Mwaka 2012 baa ya gramu 49 ilishuka hadi 45, pungufu ya asilimia 8, na pembe zake zikaviringwa. Toblerone, chokoleti yenye umbo la safu ya vilima, ya gramu 170 nchini Uingereza ilifanywa 150 mwaka 2016 kwa kupanua nafasi kati ya vilima vyake. Urefu wa kifungashio haukuambii kitu. Gawanya bei kwa gramu, zidisha kwa 100, kisha linganisha.

Rangi ni mali pia. Zambarau ya Cadbury imekuwepo tangu zamani, na kampuni ilipoomba kuisajili, mshindani wake Nestlé ikapinga. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya Uingereza ilikataa ombi hilo kwa sababu maelezo yake hayakuwa bayana vya kutosha. Matangazo nayo yasome pamoja na wakati wake. Lile la Cadbury la sokwe anayepiga ngoma, la 2007, halionyeshi mtu akila chokoleti, na baa yenyewe huonekana mwishoni tu. Lilikuja baada ya 2006, ambapo zaidi ya baa milioni moja ziliondolewa sokoni kwa hofu ya bakteria wa salmonela. Tangu 2018, kwenye matangazo, glasi moja na nusu imekuwa ishara ya ukarimu wa watu. Tangazo lisilotaja kiambato chochote haliwezi kupimwa kwa mizani, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Mwisho, jaribu bila kuona karatasi. Chukua chapa tatu, ziache saa mbili kwenye joto la nyuzi 20 hivi, kwa kuwa chokoleti baridi huficha ladha. Kata vipande vya gramu 5, na ukwangue maandishi yaliyochapwa juu yake. Mchoro huo peke yake hutosha kumtajia mtu jina. Mwenzako avipe namba. Weka kipande ulimini bila kutafuna, andika unachokihisi, kunywa maji ya uvuguvugu, ngoja dakika mbili, kisha rudia kwa mpangilio mwingine. Dairy Milk utaitambua kwa ladha ya maziwa yaliyopikwa, inayokaribia karameli: maziwa na sukari hupunguzwa maji kwa moto, huchanganywa na kakao, kisha hukaushwa kuwa chenga. Iliyotengenezwa kwa unga wa maziwa, kama nyingi za Uswisi, huwa na ladha iliyo karibu zaidi na maziwa mabichi.