Ukitaka kuwa mtafiti wa uzazi wa ng'ombe wa maziwa, anza na anayekamua

Kila mara wapo vijana waliomaliza ile miaka mitano ya shahada ya tiba ya mifugo pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, wanaonifuata wakitaka kubobea kwenye uzazi wa ng'ombe wa maziwa. Huuliza kwanza waombe nafasi maabara gani. Mimi huwatuma kwa mtu anayekamua.

Ng'ombe huingia kwenye joto, yaani hutaka dume, kila baada ya siku 21 hivi, kati ya 18 na 24, na joto lenyewe kwa kawaida halimalizi siku nzima. Vitabu vinasema dalili ya uhakika ni kusimama tuli akipandwa na wenzake. Sasa panda Kibosho, mkoani Kilimanjaro, ukute ng'ombe mmoja kwenye banda la mbao katikati ya kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, anakula majani na migomba iliyokatwakatwa. Atapandwa na nani? Zinabaki dalili ndogondogo: amelia usiku, hatulii, maziwa yamepungua, ute mwangavu unaning'inia na kuvutika bila kukatika. Anayeziona ni yule anayeinama pale na ndoo saa kumi na moja alfajiri, na mara nyingi huyo ni mama. Kwenye mkutano wa kijiji anakuja baba.

Kwa hiyo mafunzo usiyaitishie ofisi ya kijiji saa nne asubuhi. Fika wakati wa kukamua. "Shikamoo mama," kisha kaa pembeni mpaka amalize. Usimuulize kama ng'ombe anaonyesha joto, maana atakujibu ndiyo ili akuridhishe mgeni. Muulize jana jioni alipata maziwa kiasi gani na leo kiasi gani. Muulize usiku ng'ombe alilala au alisumbua. Mwombe akuonyeshe mkia. Mkia una habari nyingi: ute uliokauka na kushikamana na manyoya, au damu kidogo.

Hiyo damu ifundishe kwa makini, kwa sababu wafugaji wengi huiona ndipo wanampigia simu mhimilishaji, yule anayempandisha ng'ombe kwa mbegu zilizohifadhiwa. Damu hutoka siku moja hadi tatu baada ya joto kwisha. Haisemi kwamba mimba imeshika wala kwamba imetoka. Inasema umechelewa, ila pia inakupa tarehe: weka alama kwenye kalenda ya ukutani, na kuanzia siku ya 16 hivi mchungulie ng'ombe asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Kanuni ya kupandisha wanaishika haraka: joto likianza kuonekana asubuhi, apandishwe jioni, likionekana jioni, apandishwe kesho asubuhi. Yai hutoka baada ya muda wa saa kumi hadi kumi na mbili hivi tangu joto kwisha, na mbegu zinatakiwa ziwe zimeshafika.

Pamoja na masikio, unahitaji mkono. Nenda machinjioni, omba vizazi, yaani mifuko ya uzazi ya ng'ombe waliochinjwa, vifunike kwa kitambaa na uvipapase bila kutazama hadi ujue ovari iko wapi na pembe za kizazi zimejikunjaje. Mlango wa kizazi utaujua kwa ugumu wake, kama shingo ya kuku. Kata kucha, vua pete, vaa glovu ndefu ya begani, ndipo umsogelee ng'ombe aliye hai, tena akiwepo mtu mzoefu. Mtafiti asiyeweza kupima mimba kwa mkono wafugaji humjua siku hiyohiyo.

Maabara inakuja sasa. Kwa utafiti wa kwanza napenda kipimo cha projesteroni kwenye maziwa, homoni inayokuwa chini ng'ombe akiwa kwenye joto na kubaki juu akiwa na mimba, maana hakimuumizi ng'ombe na sampuli anaichukua mama mwenyewe. Chukua tatu: siku ya kupandishwa, siku ya 10 hadi 12, na siku ya 22 hadi 24. Chini, juu, juu: huenda mimba ipo, utahakikisha kwa mkono baada ya miezi miwili. Chini, juu, chini: haikushika. Ikiwa juu siku ile ya kupandishwa, hakuwa kwenye joto kabisa. Mbegu zimepotea, na kama alikuwa na mimba tayari, huenda umeihatarisha. Eleza mapema kwamba maziwa yaliyotiwa dawa ya kuhifadhi sampuli hayarudi jikoni. Funga chupa mbele yao na uondoke nazo zote.

Ridhaa ichukue kwa baba na mama, wote wawili. Jina litakaloandikwa kwenye daftari lako kama mtoa taarifa liwe la yule aliyetoa taarifa.

Halafu majibu. Hapa nina msimamo mkali na wanafunzi wangu. Makala ya jarida inaweza kukaa kwa wahariri hata mwaka mzima, ng'ombe hasubiri. Sampuli ya tatu ikionyesha haikushika, piga simu ndani ya wiki moja mbili, kwa sababu joto linalofuata ni karibu na siku ya 42. Piga kwa namba ya mama. Mtajie tarehe ya kuanza kuchungulia, mwambie aiandike mkiwa bado mnaongea, na mhimilishaji wa eneo lile mtaarifu siku hiyohiyo ili asikose mbegu na naitrojeni ya kuzihifadhi.