Pampu ya bwawa ikianza kuvuta hewa, usikimbilie kumwita fundi

Ukiona mapovu yanatoka pale maji yanaporudi bwawani, au pampu inakoroma na maji unayoyaona kupitia kile kifuniko angavu cha pampu hayajai, mara nyingi mota haina shida kabisa, ni hewa tu inaingia mahali. Anza na kina cha maji, yawe angalau katikati ya mdomo wa skima, yaani lile tundu la ukutani mwa bwawa linalovuta maji ya juu, yakishuka chini ya hapo pampu inavuta hewa badala ya maji. Halafu sukuma kile kibao cha mlangoni mwa skima kwa kidole uone kama kinacheza, maana kikikwama juu maji hayapiti vizuri, kisha toa kikapu cha skima umwage majani.

Bado? Zima pampu, tena zima kwenye swichi kubwa kabisa, fungua kifuniko cha pampu uangalie oringi, yaani ule mpira wa duara. Ukikuta umepasuka au umekauka badilisha, ukiwa mzima ufute mchanga wote, hata chembe moja inatosha kupitisha hewa, upake grisi ya silikoni, sio vaselini jamani, mafuta ya petroli yanaharibu mpira. Kabla ya kufunga jaza maji kwenye chungu cha pampu, pale chini ya kifuniko, usiiwashe kavu, sili ya shafti, ile inayozuia maji yasivuje kwenye mhimili wa mota, itaungua.

Na geji ya filta, yaani kile kipimo cha presha, nayo inasema: presha ikishuka, kuna kizuizi au hewa upande wa kuvuta, ikipanda psi (kizio cha presha) 8 hadi 10 juu ya kawaida yake basi filta ndio chafu.