Kipara cha mtoto: mapunye au kitu kingine? Namna ya kukisoma kwa dermoskopu

Kliniki yetu hapa Dodoma hupokea watoto wengi wenye vipara, na karibu wote wameshapakwa krimu nyumbani. Dermoskopu, kile kilenzi cha mkononi chenye taa kinachokuza mara 10, humaliza ubishi haraka ukijua pa kutazama.

1. Kichwa kiwe kikavu. Jeli na mafuta hufuta magamba machoni, na magamba ndiyo ushahidi wako wa kwanza. Tumia mwanga wa polaraizi, ule unaopunguza mng'ao wa ngozi, na lenzi isiguse ngozi.

2. Anzia penye nywele nzima. Kwenye ngozi nyeusi utaona wavu wa kahawia kama sega la nyuki, na vidoti vyeupe vilivyotawanyika kwa mpangilio. Ni matundu ya jasho na ya nywele tu. Nilipokuwa najifunza niliandika "kovu" kwenye faili. Mwalimu wangu akanimulika kisogo, akanionyesha picha kwenye simu: vidoti vilevile.

3. Ingia kwenye kipara. Tafuta nywele zilizokatika. Za mapunye ni fupi, zimepinda kama alama ya mkato, au zimejisokota kama springi. Hapa wengi hukosea, maana nywele zetu hujisokota zenyewe. Ya mapunye ni kipande kilichokatikia karibu na ngozi, katikati ya magamba.

Ukikuta ngozi laini, vidoti vya njano, na nywele nene juu, nyembamba chini, kama alama ya mshangao, hiyo ni alopesia areata: kinga ya mwili inashambulia mashina ya nywele. Na kipara kikifuata ukingo wa paji la uso, huku nywele zimevaa kijisoksi cheupe shinani, ulizia msusi kwanza: huenda nywele zimevutwa na misuko ya kubana.

4. Ukisita, peleka nywele maabara. Ng'oa zile zilizopinda, si yoyote iliyo karibu.

5. Mwonyeshe mzazi picha. Mama mmoja wa Chamwino aliitazama kimya, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa namwagia nje, daktari, na mdudu yuko ndani." Ndivyo ilivyo: fangasi wamo ndani ya unywele, krimu haiwafikii. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza; griseofulvini kwa kawaida ni wiki 6 hadi 8, dozi kwa uzito, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta.

Futa lenzi kwa spiriti, kisha mvue kofia mdogo wa mgonjwa aliyekaa benchi, umkague naye.