Somo: Msitu wa kijiji ujilipie ulinzi wake baada ya mradi kufungwa

Ndugu wanachama, habari za kazi. Wengi mmeuliza kijiji kifanye nini mfadhili akishaondoka. Huku Lindi jambo hili tunalijua. Norwei iligharamia majaribio ya MKUHUMI (mpango wa kupunguza hewa ukaa inayotokana na ukataji na uharibifu wa misitu), shirika la MCDI likiwa Kilwa, shirika la TFCG na mtandao wa jamii za misitu, MJUMITA, wakiwa Lindi Vijijini. Mradi una tarehe ya kufungwa, ila moto wa mwezi wa tisa unarudi kila mwaka.

Msimamo wangu nautanguliza: fedha ya kwanza kutoka msituni ilipe doria. Darasa na zahanati zifuate.

Hatua ya 1: Msitu uwe wenu kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinawapa nafasi ya kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji. Mnahitaji mpango wa matumizi bora ya ardhi, azimio la mkutano mkuu, mpango wa usimamizi, na sheria ndogo zilizopitishwa na halmashauri ya wilaya. Mkikamilisha, mrabaha (malipo ya kuvuna) wa miti hiyo ni wa kijiji. Mpaka utembeeni kwa miguu pamoja na wazee wa kijiji jirani. Ufuta unapenda ardhi mpya, na mtu akikuta mpaka hausomeki atafyeka tu.

Hatua ya 2: Hesabuni miti kabla ya kumsikiliza mnunuzi. Mpingo huchukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia unene wa kuvunwa, kwa hiyo kosa la msimu mmoja litalipwa na wajukuu. Kikole na Kisangi, Kilwa, walipima kwanza, wakavuna kwa mpango, na mwaka 2009 wakawa chini ya cheti cha FSC (uthibitisho wa kimataifa kwamba msitu unasimamiwa vizuri) cha MCDI, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii.

Siku ya kuvuna, kamati ya maliasili iwepo mti unapoanguka. Pimeni kipenyo, andikeni daftarini papo hapo, gongeni nyundo ya alama kwenye gogo na kwenye kisiki. Msisahau kisiki. Gogo litaondoka na lori, kisiki kitabaki, na kisiki kisicho na alama kinawaambia walinzi kwamba mwizi amepita.

Hatua ya 3: Jueni bei ya ulinzi. Tuseme mna walinzi 6, siku 8 kwa mwezi, posho Sh 8,000 kwa siku. Hiyo ni Sh 384,000 kwa mwezi, yaani Sh 4,608,000 kwa mwaka. Ongezeni mafuta ya pikipiki, viatu vya mvua, usafishaji wa mipaka na uchomaji wa mapema (nyasi zichomwe mwezi wa sita, zikiwa bado na unyevu, ili moto wa kiangazi ukose chakula). Tuiite milioni 6.

Hatua ya 4: Gaweni kwa mpangilio. Mkiuza miti ya milioni 30: milioni 6 doria ya mwaka huu, milioni 6 akiba (mpaka ifike milioni 12, maana kuna miaka ambayo mnunuzi hatokei), milioni 3 mtaji wa kudumu, milioni 15 huduma za kijiji. Mgao huu uandikwe kwenye sheria ndogo, na mapato na matumizi yabandikwe ukutani.

Hatua ya 5: Mtaji usiguswe. Mfano mkubwa ni Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, ulioandikishwa 2001 na kupewa dola milioni 7 na GEF (mfuko wa mazingira wa dunia) kupitia Benki ya Dunia: mtaji unawekezwa, faida ndiyo inayofanya kazi. Kwa kijiji, anzeni na amana ya muda maalumu benki. Kwa riba ya asilimia 8, mtaji wa milioni 75 unalipa doria yote ya mfano wetu. Lakini sehemu ya riba irudi kwenye mtaji, vinginevyo mfumuko wa bei utautafuna.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Liwale: Mwalimu, msitu wetu ni mdogo na mpingo ni wa kuhesabu. Tufanyeje?

Jibu: Msivune kwanza, kaka. Ungeni doria na vijiji jirani, kama vijiji vya Angai, huko huko Liwale, vilivyoshirikiana kwenye msitu mmoja, na wekeni mizinga ya nyuki. Akija mtu wa kaboni (anayelipia hewa ukaa inayotunzwa na miti), someni mkataba wote kwenye mkutano mkuu kabla ya kusaini: ni wa miaka mingapi, kijiji kinapata fungu gani, na msitu ukiungua nani anabeba hasara.

Mwanachama, Ruangwa: Uchaguzi ukikaribia, viongozi wetu wanataka akiba yote ijenge ofisi.

Jibu: Ndiyo maana nimesema sheria ndogo. Wekeni kifungu kwamba akiba inatolewa kwa azimio la mkutano mkuu tu, na mmoja wa watia saini atoke kamati ya maliasili. Mama mtunza daftari aliye makini ni kinga kubwa hapo.

Mwanachama, Mtwara Vijijini: Sisi tunapakana na hifadhi ya serikali. Somo hili linatuhusu?

Jibu: Linawahusu nusu, dada. Msitu wa namna hiyo uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), kama Hifadhi ya Mazingira Asilia Rondo, anakoishi komba wa Rondo, mnyama wa gramu kama 60 ambaye misitu michache tu ya pwani ndiyo iliyobaki kuwa kwao. Njia yenu ni mkataba wa usimamizi wa pamoja. Kabla ya kusaini, ulizeni maandishi ya mgao wa mapato na nani analipa posho za walinzi wenu. Kama jibu ni la mdomo tu, rudini nyumbani mkasubiri karatasi.